Barua Mbili kwa Kamanda Mmoja

Baba Neema,

Kwanza nijulishe hilo goti. Ulienda kliniki ama bado unalipaka ile dawa ya ng'ombe uliyopewa na mama yako, Kukhu? Nakusalimu, mume wangu, wewe na nyumba yote hapo Ngoingwa. Na kama yule jirani bado anachoma takataka chini ya dirisha letu, msalimie pia, lakini ukiwa mbali. Mimi mwili uko sawa. Nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo kwa sababu huku wanakaanga kila kitu, hadi ndizi mbivu. Roho ndiyo haiko sawa, na ndiyo maana umepata karatasi badala ya simu. Kwenye simu nitauona uso wako, na nikiuona nitaanza kukuuliza kama stima imerudi na kama Neema amekula, halafu nitakata bila kusema nililotaka kusema. Sista Pauline anarudi Nairobi wiki hii, naye amekubali kunibebea. Mpe chai ya maziwa, aliikosa sana huku. Usimwulize maswali, hajui nimeandika nini.

Najua unangoja nikuambie ndege inatua siku gani, ndio nikute wakwe wakija kuongea mahari ya Neema. Nitafika hapo. Lakini vumilia nianzie mbali, kwa sababu nikianzia hapo utanikasirikia kabla hujajua sababu.

Mama yangu huko Mwihoko anaambia watu ati Wanjiru wake anakaa katikati ya bunduki anapatanisha serikali ya huku na waasi, watu wa msituni. Aki, afadhali ningekaa katikati ya bunduki. Wanaopatanisha ni wanaume watatu, na mimi katibu wao, niliyetumwa na makanisa, kazi yangu ni moja tu: kuwapatanisha hao wapatanishi. Mwaka mzima na miezi mitatu, Baba Neema, nimekuwa mlezi wa wazee.

Wa kwanza ni Askofu Anselmo. Huyu ni mwenyeji, mzee wa miaka sabini na kitu, na nusu ya wale vijana wenye bunduki alibatiza yeye. Anaongea polepole, na ukimkatiza anarudi mwanzo kabisa. Wa pili ni Balozi Henrik, mstaafu kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya, ambayo ndiyo inalipia nyumba tunayokaa na magari. Ni mtu mzuri, mpole, lakini anaamini kitu hakijatokea mpaka kiandikwe na kupigwa muhuri. Wa tatu ni Wakili Valdés, kutoka nchi jirani. Huyo hapigani na mtu. Anakaa tu pembeni anatabasamu wenzake wakikosea.

Ukiwatazama hawa wazee ungecheka mpaka goti lipone. Askofu akikalia kiti cha mbele, Balozi anakumbuka ana simu ya haraka. Balozi akiongea na waandishi wa habari Ijumaa, Askofu anaongea nao Jumapili baada ya misa, tena marefu. Siku moja walibishana asubuhi nzima nani atie sahihi juu na nani chini, na wale wajumbe wa msituni wamekaa hapo wanatazamana, wanakunywa kahawa yetu. Mjumbe mmoja aliniuliza, "Mama, nyinyi mkimaliza vita yenu mtatuita?" Nilicheka. Ndani nilitaka kuingia chini ya meza.

Sasa sikiliza nilichofanya, mimi mwenyewe na akili zangu zote.

Unakumbuka kamati ya kujenga kanisa pale Ruiru, Mzee Gitau na Mzee Barasa walipokuwa hawasalimiani kwa sababu ya uenyekiti? Si mimi ndiye nilisema Gitau awe Mwenyekiti, Barasa awe Mlezi wa Kamati, na yule mwalimu aliyenuna tumwite Mwenyekiti wa Mapokezi? Wote wakanyamaza. Mabati yakapanda. Na kamati ya harusi yetu je? Ndugu yako Wekesa tulimfanya Mwenyekiti wa Usafiri na hakuwa hata na baisikeli, lakini alivaa ile beji mpaka wiki mbili baada ya harusi. Kwetu kila mtu anajua. Cheo ni blanketi, unamfunika mtu asisikie baridi, halafu katibu anaendelea na kazi. Barasa hakuwahi kuuliza Mlezi anafanya nini hasa. Alijua hafanyi kitu, na alifurahi.

Basi na mimi nikaona nimepata dawa. Nikaandika karatasi nzuri. Askofu Anselmo: Mlezi wa Mazungumzo. Balozi Henrik: Mwenyekiti wa Mapokezi na Makabidhiano. Wakili Valdés: Mshauri Mkuu. Niliwapelekea mmoja mmoja, kila mtu chumbani kwake, na kila mmoja nikamwambia ni yeye hasa ninayemtegemea. Usinitazame hivyo. Nilisema. Askofu alinibariki. Balozi alinishika mkono akasema, "Nitawajulisha nyumbani." Mimi nikadhani anataka kumwambia mke wake, kumbe anamaanisha wizara yao ya mambo ya nje! Baada ya siku kumi muhuri mpya ukaja kwa ndege, na cheo chake kimezunguka pembeni. Hata huo muhuri haukunishtua. Nilisema moyoni, wacha afurahi, mzee wa watu.

Nyumba ikatulia. Kwa mwezi mmoja hakuna aliyegombana na mwenzake, nami nikajiona bingwa. Kumbe hawakuwa wamepatana. Kila mmoja alikuwa ameenda zake na cheo chake.

Sasa nikuambie kuhusu Rosalba. Huyu ndiye anatupikia, na ndiye rafiki yangu wa kweli huku. Tuna umri mmoja. Alinifundisha lugha yao jikoni, tukimenya mihogo, ndiyo maana mimi najua majina yote ya vyombo na matusi mawili. Mume wake anaitwa Eusebio, ni nesi wa zahanati ya kijiji cha juu mtoni. Watu wa msituni walimchukua ili awatibie majeruhi wao, wakasema ni wiki moja tu. Ikafika miezi minane. Ana kisukari, Baba Neema. Nesi anayechoma wengine sindano na yake mwenyewe lazima atafutiwe. Rosalba hakuwahi kutulilia. Alikuwa anaweka chakula mezani mbele ya wale wazee watatu na kuwaangalia mmoja mmoja, halafu anarudi jikoni.

Mwezi uliopita mambo yakaiva. Kamanda wa upande ule akakubali kumwachilia Eusebio pamoja na walimu wawili, kama ishara ya nia njema, na akasema wapatanishi wachague mahali, wamwandikie. Jambo dogo hivyo. Mahali, siku, saa. Rosalba alipoambiwa siku ni Alhamisi, alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni kama mtoto, akafunika uso kwa aproni. Jioni hiyo alipiga pasi shati la mume wake mara tatu. Nilimwambia shati litachanika, akanirushia kitambaa cha sahani.

Nani alikuwa aandike ile barua? Hilo swali hakuna aliyeuliza, na mimi katibu sikuuliza. Balozi alijua ni yeye, si ndiye Mwenyekiti wa Makabidhiano? Akaandika, akapiga muhuri: kwenye daraja la chuma, saa tatu asubuhi. Askofu naye alijua ni yeye, kwani Mlezi ni nani kama si mwenye watoto? Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: kwenye kanisa dogo la juu mtoni, saa tatu hiyo hiyo. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Wakili Valdés aliziona zote mbili, kwa sababu wote wawili walimpa asome kama mshauri. Alinyamaza. Nilipomwuliza baadaye, alisema, "Niliulizwa kuhusu lugha ya barua. Sikuulizwa kuhusu mahali." Ngai! Mkono uliniwasha, nikauweka mfukoni.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya Valdés. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Jumatano mchana nilitoka nje nikakuta dereva anaosha magari mawili. Nikamwuliza mbona mawili. Akasema, "Moja la Balozi linaenda darajani. Moja la Askofu linaenda kanisani." Alisema hivyo wazi, na sabuni mkononi. Na mimi nilielewa. Labda si yote, lakini nilielewa kuna kitu hakijakaa vizuri. Nilisimama pale nikawaza: nikiingia ndani kuuliza, lazima nimwambie mmoja wao asiende. Nikimwambia Askofu asiende, makanisa yatanuna. Nikimwambia Balozi, nyumba na magari ni yake. Nikajiambia, wacha wote waende, kila mtu aridhike, watu watatokea kwa mmoja wao. Nikarudi ndani nikamsaidia Rosalba kuchambua maharagwe.

Dakika mbili za ujasiri tu, Baba Neema. Nilikuwa na mchana mzima.

Alhamisi tulikuwa darajani tangu alfajiri, mimi na Rosalba na Balozi. Saa tatu ikapita. Saa nne. Saa sita jua linachoma, Balozi anaangalia saa yake na karatasi yake, saa yake na karatasi yake. Rosalba alikuwa amesimama na lile shati ndani ya mfuko wa plastiki lisipate vumbi. Alasiri gari la Askofu likaja kutoka juu, naye amekaa mbele peke yake. Wazee wakatazamana pale katikati ya daraja, na hapo ndipo nikaona kila mmoja anaelewa. Hata hawakugombana. Balozi alikaa kwenye chuma cha daraja kama mtu aliyepigwa.

Siku mbili baadaye ujumbe ulifika, na hakuna aliyemwambia Rosalba. Kamanda alipata barua mbili, sahihi mbili, mahali pawili, saa ile ile. Alisema moja ya hizi ni mtego wa jeshi, na kwa vile hajui ni ipi, anazikataa zote. Amewahamisha mateka ndani zaidi, mahali ambapo hata wajumbe wake wenyewe wanafika kwa siku nne.

Na Rosalba je? Hapa ndipo naona haya hata kuandika. Tukiwa bado darajani aliniuliza, "Wanjiru, kwa nini hawakuja?" Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ulikuwa na tope. Nikamwambia mto umejaa huko juu, hawakuweza kuvuka. Ilitoka tu mdomoni. Akaniamini, kwani niliwahi kumdanganya? Akasema, "Basi ni mvua." Kesho yake nikakuta ameweka mshumaa dirishani pa jikoni. Anaomba jua. Wiki mbili nzima, kila asubuhi anatoka nje na kuangalia mawingu kabla ya kuwasha moto, anarudi ananiambia, "Leo kidogo afadhali." Na mimi najibu, "Eeh, afadhali." Nakunywa chai yake.

Wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kelele, nikikosea nasema nimekosea na tunaendelea. Lakini hii sikuweza kuisema. Nilikuwa na tiketi tayari. Mkataba umeisha, mizigo nimefunga nusu, zawadi ya Neema nimenunua. Ningeweza kuja nyumbani, nikakaa kwenye mazungumzo ya mahari na kitambaa kichwani, nikaitwa mama wa amani, na Rosalba akabaki anaomba jua. Ningeweza kabisa. Nilikaribia.

Jumamosi iliyopita nilimwambia. Asubuhi, jikoni, anakata vitunguu. Nilimwambia yote: vyeo, barua, magari mawili, yale maji ya sabuni. Nilimwambia mto haukuwa umejaa. Nilitarajia anirushie kisu, nami nilikuwa tayari. Hakuacha kukata. Alikata mpaka kitunguu kikaisha, akafuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo wiki mbili nimekuwa nikimgombeza Mungu bure."

Mume wangu, nimesikia vilio vingi, hata wakati ule wa fujo za uchaguzi tulipolaza watu kanisani. Sijawahi kusikia neno lililonichoma hivyo.

Halafu akaenda dirishani akauzima ule mshumaa kwa vidole. Akaniambia, "Waite." Nikauliza nani. "Wote watatu. Waje hapa, si mezani."

Wakaja jikoni, wazee watatu, wamesimama katikati ya masufuria kama watu waliokuja kuomba kazi. Kulikuwa na viti viwili tu na hakuna aliyekaa. Rosalba aliwaambia, "Mume wangu hajui nani ni mwenyekiti. Nataka kujua ni nani kati yenu ataandika, na aandike moja." Nami nikatoa ile karatasi yangu ya vyeo, nikawaambia haina maana yoyote, niliitunga ili wasigombane, na kosa ni langu. Nikaichana. Balozi akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilingoja wakimbilie kuongea, kama kawaida yao, kila mmoja amtangulie mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue, kila mmoja alimpisha mwenzake aanze. Askofu akamwangalia Balozi, Balozi akamwangalia Valdés, na Valdés, yule wa kutabasamu, alikuwa anaangalia sakafu.

Mwishowe Askofu akasema, "Wananiamini mimi kule msituni, lakini mimi ndiye niliyeharibu." Balozi akasema, "Tuliharibu wote wawili." Wakaandika barua moja kwenye meza ya kukatia mboga. Majina matatu, hakuna cheo, hakuna muhuri. Chini yake Rosalba akaandika jina lake, na akaongeza mstari mmoja kuhusu dawa ya kisukari. Imebebwa Jumatatu. Siku nne za kwenda, nne za kurudi, kama njia ni salama na kama kamanda bado anataka kusikia. Hakuna anayejua kama Eusebio yuko hai. Sikutaka kuliandika hilo neno, lakini ndivyo ilivyo.

Basi sasa umeelewa. Siji, Baba Neema. Nimerudisha tiketi. Nimewaambia makanisa nitakaa mpaka jibu lije, liwe zuri au baya, kwa sababu likija baya sitaki Rosalba alipokee mikononi mwa mtu mwingine. Makanisa wamesema mkataba umeisha na mshahara umeisha. Nimewaambia sawa. Nitasaidia jikoni.

Usiahirishe siku ya Neema. Najua utataka. Usiahirishe, wale watu wametoka mbali na mtoto amengoja. Lakini nakuomba kitu kimoja na naomba kwa magoti: chagua msemaji mmoja wa upande wetu. Mmoja. Ndugu zako wote watataka kuongea, na wewe ni kama mimi, utataka kumpa kila mtu kitu cha kusema ili asinune. Usifanye. Atakayenuna mwache anune, atakula nyama na kununa kwake. Mama yangu akae mahali ambapo ningekaa mimi, na akitaka kupiga vigelegele kabla ya wakati mzuie taratibu.

Nisamehe. Wewe umekaa peke yako mwaka na zaidi, umejipikia ugali, umeuza mayai, umempeleka Neema Juja na kumrudisha, na hukuwahi kuniuliza narudi lini kwa sauti ya ukali. Nilijua umeanza kuhesabu siku. Nimekukosea nyumbani ili nirekebishe kosa la ugenini, na hiyo si haki. Sina namna nyingine.

Nisalimie mama yangu, mwambie dawa ya presha anywe kila siku, si siku anayojisikia. Nisalimie Kukhu, mama yako, mwambie kitambaa alichonipa ndicho najifunika asubuhi. Nisalimie Mama Kuria jirani anayekuwekea maziwa, na mchungaji wetu, na wifi yangu Nekesa na watoto wake. Neema mkumbatie wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Na siku ile wageni wakiuliza mama wa bibi harusi yuko wapi, nakujua, utataka kunifunika. Utasema ndege imeahirishwa, ama karatasi za kusafiri zimekwama. Usiseme hivyo. Mwambie Neema mbele yao, asikie na wao wasikie: kuna mwanamke huku bado anangoja mume wake, na ni mama yako aliyemchelewesha.

Mkeo,
Wanjiru